Kesi ya Ramadhani, Kabla Hujaisoma Bomani

Mwanangu Idi,

Wanaoandika barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, nimekuacha nyumbani sasa hivi unabishana na mama yako Zainabu juu ya lile blanketi la mistari. Yeye anataka ulibebe, wewe unaona haya kushuka garimoshi nalo begani. Libebe. Hilo ndilo agizo langu pekee la safari. Mengine ameshakuambia yeye, na kesho atakuambia tena mpaka lori liondoke.

Nakuandikia kutoka kwenye baraza la mtemi, mezani pangu. Ni alasiri, watu wameshatawanyika, tarishi nimemruhusu aende zake na mlango nimeurudisha. Mimi ni karani, Idi. Miaka kumi na minane nimeandika maneno ya watu wengine bila kusita. Ya kwangu yananishinda, nimeshachana karatasi mbili za serikali, na unajua ninavyochukia kuharibu karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Keshokutwa utaingia kwenye chumba cha karani wa rufaa huko bomani. Kila karani mgeni huanzishwa vilevile, na mimi nilianzishwa hivyo: utapewa zile kesi zinazotumiwa mara kwa mara uzinakili, mkono uzoee. Kesi inayotumiwa sana kutoka baraza letu ni moja. Wanaiita Kesi ya Ramadhani. Ndiyo, ni huyo huyo, baba yako mzazi, kaka yangu. Utasoma kwa mwandiko wangu kwamba alitundika mzinga nje ya mpaka, kinyume cha amri ya malale, akafungwa miezi mitano. Baba yako hakutundika mzinga ule. Niliutundika mimi.

Haya, nimelisema. Sasa ngoja nikueleze vizuri, maana ukiyapata haya nusunusu utanichukia kwa sababu zisizo zenyewe, na zilizopo zinatosha.

Unajua sisi ni watu wa pori. Babu yako alikuwa mrina asali, na baba yake vilevile. Mizinga yetu ilikuwa kwenye miti ya mitundu na miyombo, mwendo wa siku nzima kutoka hapa ulipozoea kuita kwenu. Kila mzinga, wa gome la mti lililokunjwa, ulikuwa na alama ya nyumba yetu, mistari mitatu na mkato mmoja chini yake, imechomwa kwa chuma cha moto kwenye kizibo. Wewe hukuiona ikichomwa, kwa hiyo lazima nikwambie mambo mawili ambayo mtoto wa zamani asingehitaji kuambiwa. La kwanza, kwetu alama haigawanywi. Mzee akifa, wanawe wote wanachoma alama ile ile. La pili, alama ikiitwa mbele za watu, anayesimama kuitika ni mkubwa wa nyumba. Hata kama mzinga ni wa mdogo wake, hata kama yeye mwenyewe hana mzinga hata mmoja, anasimama yeye. Wengine wote wanakaa kimya, kwa sababu mambo ya alama ya nyumba ya mtu hayasemwi na jirani. Ni utovu wa adabu.

Halafu malale, ule ugonjwa wa usingizi, yakaja. Tulihamishwa wote katika msimu mmoja tukaletwa hapa, nyumba zikapangwa mstari, pori likafyekwa pande zote, na vigingi vikapakwa chokaa kuonyesha mwisho wetu. Sitaki ufikiri amri ile ilikuwa ya kijinga. Mama yangu alikufa kwa malale. Nimemwona akisinzia na ugali mdomoni. Mbung'o wapo porini, na mtu anayelala porini anaumwa nao, hilo halina ubishi. Unanijua, mimi huitetea sheria hata inaponikanyaga, na mama yako huwaambia wageni kwamba niliposa mara mbili, yeye na daftari.

Lakini isome ile amri utakapofika, iko kwenye jalada la kijani. Inasema mtu yeyote atakayeonekana nje ya vigingi bila cheti atashtakiwa. Atakayeonekana. Lazima awepo mtu aliyeona, aje asimame, aulizwe maswali, abanwe kama anasema uongo. Aliyeiandika, kwa ubaya wake wote, alituachia mlango huo. Mlango huo niliufunga mimi, na niliufunga kwa akili nyingi, nikajisifu.

Ilianzia kwenye kesi nyingine, na ile ilikuwa kesi safi, bado naipenda. Watu wawili waligombea mzinga. Mwizi alikuwa amekwangua alama ya mwenyewe akachora yake juu. Mtemi, hakimu wetu, alishindwa kuamua. Nikamwomba ruhusa, nikachukua kisu, nikakwangua zaidi. Alama iliyochomwa huingia ndani ya mti, ile ya kuchora hukaa juujuu. Ya chini ikajitokeza, mwizi akaanza kuangalia miguu yake. Hukumu ikaandikwa: alama ya mzinga ni shahidi wa nani mwenye mali. Ni sawa kabisa. Inamlinda mwenye mzinga.

Mwaka uliofuata Bwana Shauri, mkuu wa boma, alikuja amekasirika. Wagonjwa wa malale walikuwa wanaongezeka, na daftari letu la kesi za mpaka lilikuwa jeupe. Akamuuliza mtemi, "Watu wako hawaingii porini, au askari wako hawana macho?"

Mtemi alinyamaza. Yeye si mtu wa asali, ni mtu wa ng'ombe, kwao ni kule juu kwenye mbuga, na pori hili lilimtisha kuliko sisi. Wazee wa baraza nao wakatazama chini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi, na sikuweza kuvumilia kimya kile. Nikasimama. Nikasema, bwana, askari hawahitaji kumwona mtu. Walete mizinga. Mzinga wenye gome bichi umetundikwa juzijuzi, na alama itatuambia ni nani. Baraza hili lilishasema alama ni shahidi.

Bwana Shauri akamwambia mtemi, "Huyu karani umtunze."

Idi, nilitembea siku tatu sigusi ardhi. Ungenikuta siku zile ungenichoka.

Uone nilichofanya, kwa sababu wewe sasa ni mtu wa kazi hii. Kanuni iliyotengenezwa kumlinda mwenye mali niliigeuza ikawa kamba ya kumfunga. Alama inasema mzinga ni wa nyumba gani. Haisemi nani aliupandisha mtini, wala siku gani, wala kwa ruhusa ya nani. Hayo ni maswali matatu, na mimi niliyajibu yote kwa jibu la swali la nne. Nilijua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtemi hakujua mila ya alama, Bwana Shauri hakujua, lakini mimi nilikua nayo.

Na wakati nasimama kusema maneno yale, mzinga wangu ulikuwa tayari uko mtini.

Ungetaka kusikia kwamba nilikuwa na sababu kubwa. Sina. Nilitumwa kupeleka samansi kwa watu wa ng'ambo ya pori, nina cheti cha njia, cha kupita barabarani tu. Njia inapita karibu na mtundu wa baba. Nikaegemeza baiskeli. Mti ulikuwa umeshavuliwa gome na tembo upande mmoja, gome zuri limening'inia, na mikono yangu ikakumbuka. Nusu siku nikawa nimekunja mzinga, nimeuchomea alama kwa kisu kilichopashwa moto, nimeupandisha. Nilikuwa na cheti mfukoni, muhuri wa serikali kwenye mfuko wa barua, nikaona amri ile ni ya watu wengine. Basi. Nilitaka kuwa na mzinga. Nilikuwa natamani asali ya kwetu, na nilijiona mkubwa.

Askari walileta mizinga tisa, wakaipanga hapo nje ya mlango huu. Minane gome lilikuwa kuukuu, ya kabla ya kuhamishwa, mtemi akaisamehe. Wa tisa ulikuwa mbichi. Niliujua hapo hapo. Tarishi akauinua juu, akauliza, "Mwenye alama hii ni nani?"

Baba yako akasimama.

Alisimama kama anavyosimama mkubwa wa nyumba. Hakukiri kosa, aliitika. Kila mzee aliyekuwa pale alielewa hivyo. Mtemi akaona mtu amekubali kosa lake mwenyewe bila kuchapwa, akafurahi. Na mimi nilikuwa na kalamu.

Baba yako aliomba aushike mzinga. Akaugeuza, akatazama fundo la kamba. Mimi hufunga kwa mkono wa kushoto, na fundo langu hulala upande usiotakiwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga, na yeye ndiye aliyekuwa akinicheka. Akalisugua lile fundo kwa kidole gumba. Kisha akaniangalia, si kwa hasira, aliniangalia kama mtu anayengoja.

"Ramadhani," mtemi akasema, "alama hii ni ya kwenu?"

"Ni ya kwetu, mtemi. Ni ya baba. Naiitikia kwa sababu mimi ndiye mkubwa."

"Una cheti cha kwenda porini?"

"Sina."

"Una neno zaidi?"

"Kwetu tuko wawili, mtemi. Mwenzangu mnamjua."

Mtemi akanigeukia, na alinigeukia kwa upole, alidhani kaka yangu ananiomba nimtetee. "Karani, una neno la kumsaidia ndugu yako?"

Nikasema, "Sina, mtemi."

Maneno mawili. Nayasikia kila usingizi unaponikataa. Baba yako akakaa chini kabla hajaambiwa akae.

Wazee nao hawakusema. Baadaye niliwalaumu sana moyoni, nikawaita waoga. Kumbe walikuwa wananingoja mimi. Ni alama ya nyumba yetu, na mimi ni mtu wa nyumba ile, nimekaa pale nina kalamu. Kama mimi sisemi, jirani atasema nini? Adabu yao ndiyo iliyomfunga, lakini adabu ile ilikuwa imeniamini mimi.

Utakapofungua jalada utakuta nimeandika hivi: Mshtakiwa amekubali alama. Hana cheti. Hana neno zaidi. Basi. Ile ya kuitika kwa sababu ni mkubwa haimo. Ile ya kwamba tuko wawili haimo. Sikuandika uongo hata mmoja, angalia. Kila nilichoandika alikisema. Nilisimamisha kalamu tu mahali pazuri. Nimeona makarani wa uongo, wanaokula kuku wa watu na kuandika wanachoambiwa, na nimewadharau maisha yangu yote. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuandika kitu kibaya kama mistari ile mitatu.

Nilidhani itakuwa faini, nami nitailipa kimyakimya. Mtemi akatoa miezi mitano, kwa sababu ilitakiwa apatikane mtu wa kuonyeshwa wengine. Kesi ikaenda bomani kukaguliwa. Na huko wanakagua nini? Wanakagua maandishi. Hawakuona namna alivyosimama, hawakuona alivyolishika lile fundo. Waliona mshtakiwa amekubali, hana cheti, hana zaidi. Wangefanya nini? Wakapiga muhuri. Alikuwa na haki ya rufaa, siku thelathini. Hakujua kuandika. Anayewaandikia watu rufaa hapa ni mimi. Hakuniita gerezani, na mimi sikwenda.

Wewe ulikuwa na miaka minne, mama yako mzazi ameshafariki, na kipindi kile ulikula kwetu. Ulikuwa ukiniuliza baba yuko wapi. Nilikuwa nakwambia amekwenda kazini.

Aliporudi nilidhani atahama. Lakini ahamie wapi? Tungeachana sisi wawili kama tungekuwa porini, mtu anachukua shoka lake anakwenda kujenga ng'ambo ya mto, miaka inapita hasira inakauka. Hapa nyumba yake ilikuwa ya sita na yangu ya saba kwenye mstari. Hakukuwa na ruhusa ya kubadili. Nikifungua mlango asubuhi namwona anaosha uso. Nikienda kisimani yuko mbele yangu kwenye foleni. Upande huu kigingi, upande ule kigingi. Miaka mitatu, Idi. Alikuwa akichonga mipini ya majembe, hilo labda unalikumbuka, kwa sababu mizinga hakuigusa tena. Akipungukiwa chumvi, anakutuma kwangu. Nikiugua, analeta kuni. Angenitukana ningepona.

Siku moja nilimfuata pale anapochongea. Nikaanza, "Kaka, lile jambo..."

Akaendelea kuchonga. "Jambo gani?"

"Unalijua. Nataka niende kwa mtemi nikaseme."

"Ukaseme nini? Wewe ukisema unafungwa. Mimi nimeshafungwa. Wawili wa nini?" Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Mtoto atalelewa na nani? Mimi kifua changu hiki unakisikia."

Nikasema, "Nisamehe."

"Usiniombe hapa, mkeo atasikia." Akanipa mpini niushike, nione kama umenyooka. Kisha akasema, "Ila uwaambie wasiitumie tena kesi ile. Hilo tu, Athumani. Jina langu lisimfunge mtu mwingine."

Nikamwahidi. Niliahidi nikiwa nimeshika ule mpini, na nilikusudia kabisa.

Mwaka ule ule wakaleta mizinga mingine. Mtemi akaniambia, mbele ya watu wote, "Karani, hebu tusomee Kesi ya Ramadhani ilisemaje." Ningefanya nini? Ningesema kesi ile haifai, ningeulizwa kwa nini haifai, na jibu ni moja. Nikalifungua daftari nikasoma. Baba yako alikuwa amekaa nje, pale kwenye kivuli cha ukuta, alikuja kuuza mipini. Alilisikia jina lake. Aliokota mipini yake akaenda nyumbani, na hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka alipokufa kwa kifua chake, na wewe ukahamia kwangu.

Kesi ile imewafunga watu saba baada yake. Saba niliowasomea mimi kwa sauti yangu. Mmoja alikuwa mwanamke mjane, ameitika alama ya marehemu mumewe kwa sababu nyumba yake haikubaki na mwanamume. Mzinga uliwekwa na mkwe, kila mtu alijua. Alisimama na kanga yake ameifunga vizuri, anaitika kwa heshima, anadhani anaheshimu marehemu. Mtemi akasema, karani, soma. Nikasoma. Nilimwendea mtemi wiki ile nikamwomba anipeleke baraza lingine lolote, hata Iguguno, hata kusikojulikana. Akacheka. "Ukienda wewe, nani atanisomea kesi?"

Uone nilivyokwama. Kila nilipotaka kutoka, ilinibidi nipite kwenye mlango ule ule mmoja, na kila mwaka mlango ule ulizidi kuwa mzito kwa sababu nilikuwa nimeshauegemezea watu wengine. Mwanzoni ningesema na ningefungwa mimi. Baadaye kusema kungekuwa pia kuwaambia watu wawili kwamba walifungwa bure, kisha wanne, kisha saba. Na juu ya yote ulikuwepo wewe. Ulianza kuniita baba mdogo, halafu siku moja, bila mtu kukwambia, ukaacha kusema mdogo. Nilifurahi, nikaingia ndani nikalia, mama yako akadhani nina homa. Nilisema moyoni, akikua. Ulipokua nikasema, akimaliza shule. Ulipomaliza shule ukaja na habari kwamba unataka kazi ya baba.

Ilipokuja barua yako ya kazi, mwezi uliopita, ulinisomea kwa sauti pale uani, na ulipofika kwenye neno rufaa ulitazama juu kuona kama nafurahi. Nilifurahi. Pia niliona lile jalada mikononi mwako. Nimepiga hesabu zote. Nikinyamaza, utalinakili, utapeleka nakala kwenye mabaraza mengine, na jina la baba yako litafunga watu wa mbali kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Nikisema, utaanza kazi ukiwa mtoto wa karani aliyekata maneno ya ndugu yake. Hakuna upande nisiokuumiza. Mwezi mzima nimezunguka humo ndani kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, na kamba imefika mwisho.

Ungetegemea nikuwekee mafunzo hapa. Sina mengi. Ukisikia umepata neno unalolitaka, huo ndio wakati mkono unataka kupumzika, usiupumzishe. Na siku yoyote mtu wako atakaposimama mbele ya meza yako, mtu wa damu au rafiki au mwenye deni nawe la moyo, weka kalamu chini, uinuke, umwambie mkubwa wako aite karani mwingine. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Halimo kwenye amri zetu, nimetafuta. Lakini siku ile nilikuwa ndugu wa mshtakiwa, na mwenye kosa, na mwandishi, vyote vitatu kwenye kiti kimoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Hilo la pili utalihitaji mapema kuliko unavyodhani. Maelezo yangu nimeyaandika, kurasa nne, na sahihi nimetia. Nimeweka yote, fundo, maneno ya baba yako yaliyokosekana, mila ya kuitika alama, na majina ya wale saba. Nilifikiria kukupa wewe uyapeleke. Nilifikiria sana, nikaona ungekuwa ujanja wangu ule ule, kumsimamisha mtu mwingine aitikie mzinga wangu. Nitayapeleka mwenyewe mpaka mkononi kwa Bwana Shauri. Sijui yatafanya nini. Muda wa rufaa umekwisha zamani, aliyefungwa yuko kaburini. Huenda nikaambiwa nirudi nyumbani nisiwasumbue. Huenda nikafukuzwa kazi, au nikafungwa. Ninachotaka ni kwamba karatasi zangu nne ziwekwe ndani ya jalada lile, juu ya ile hukumu, ili karani atakayelifungua aanze na mimi. Wakikuita kuandika maneno yangu, ukatae. Una haki.

Mama yako Zainabu nilimwambia leo asubuhi. Aliendelea kupanga nguo zako. Kisha akaniuliza nitahitaji mashati mangapi.

Barua hii nitakupa alfajiri, uisome kabla lori la Itigi halijafika. Litakapofika utaniona na mimi nina mfuko. Nafasi ya mbele kwa dereva nimekulipia wewe, mimi nitapanda nyuma juu ya magunia, na kwenye garimoshi nitakaa behewa lolote utakaloniambia. Sitakufuata wala sitakusemesha. Ukiniamkia, nitaitika. Usiponiamkia, nitajua umesoma mpaka mwisho, na nitapanda vilevile.

Ni mimi,
Athumani